Je, Wajua? Amu, Ngoma na Runinga

Je, wajua kwamba aliyetupa neno runinga ni mtoto wa Matondoni? Kijiji hicho cha kisiwa cha Lamu kinajulikana zaidi kwa mafundi wa majahazi, lakini ndiko alikozaliwa Ahmed Sheikh Nabhany mwaka 1927, mshairi aliyeunda maneno mengi mapya ya Kiswahili, tarakilishi likiwamo. Alifariki mwaka 2017. Basi kila unaposema umekiona kipindi fulani kwenye runinga, una deni Matondoni. Leo safu hii inapunguza deni hilo kidogo. Tunazungumzia vipindi vya muziki vya kila wiki, vile vyenye wachezaji na watangazaji waalikwa, na jinsi Amu, yaani mji wa Lamu, ilivyokuwa na karibu kila kinachoviunda kabla kisanduku chenyewe hakijafika.

Je, wajua kwamba runinga ya Kenya ilianza mwaka 1962, kabla ya Uhuru? Shirika la utangazaji, KBC, likaitwa Sauti ya Kenya mwaka 1964, na mwaka 1989 likarudishiwa jina la KBC. Zanzibar walianza mapema miaka ya 1970 na wakaanza na rangi papo hapo, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja hadi 1994. Waunguja hawachoki kuwakumbusha ndugu zao wa Bara jambo hilo.

Je, wajua kwamba kuna kipindi maarufu cha muziki kilichoamua kutokuwa na mtangazaji wa kudumu? Kiliitwa Hullabaloo, kikarushwa na NBC ya Marekani kuanzia Januari 1965 hadi Agosti 1966. Kila wiki alikuja nyota mwingine kuwakaribisha wenzake, na Brian Epstein, meneja wa Beatles, aliongoza sehemu zilizotoka London. Nyuma yao lilikuwapo kundi la wachezaji chini ya David Winters. Wawili kati ya wachezaji hao, Donna McKechnie na Michael Bennett, walifanya kazi pamoja New York mwaka 1975 katika mchezo wa A Chorus Line, Bennett akiwa ndiye aliyeubuni. Wageni rasmi wa kipindi wengi wamesahaulika. Waliokuwa wakiruka nyuma yao ndio walioacha alama.

Top of the Pops ya BBC ilianza siku ya mwaka mpya wa 1964, ndani ya kanisa la zamani mjini Manchester lililogeuzwa studio. Ilidumu hadi 2006. Kundi lake mashuhuri la wachezaji, Pan's People, liliingia mwaka 1968, na kazi yake kubwa ilikuwa kuziba pengo: bendi ikiwa safarini na wimbo wake uko juu kwenye orodha, wasichana walicheza sahani yake.

Hapo ndipo Amu inapopishana na Uingereza. Kule wachezaji waliitwa kwa sababu mwimbaji hayupo. Kwetu mwimbaji huitwa kwa sababu wachezaji wamekwisha kujipanga.

Je, wajua kwamba mtoto wa Mji Mkongwe alipita kwenye jukwaa hilo la BBC? Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946. Februari 1974 watazamaji walimwona kwenye Top of the Pops kwa jina la Freddie Mercury, akiwa na kundi lake la Queen. Mwaka uliofuata walitoa Bohemian Rhapsody, wimbo ambao sehemu yake ya katikati haikuwezekana kuigizwa studioni na watu wanne tu. Wakatengeneza filamu fupi ya kurushwa badala yao. Enzi ya video za muziki ilianzia hapo kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo wachezaji wa studio wakaanza kupungukiwa na kazi.

Je, wajua kuhusu mstari wa Soul Train? Kipindi hicho kilianzia Chicago mwaka 1970, kikiongozwa na Don Cornelius, na kikadumu hadi 2006. Kilichobaki vichwani mwa watu ni safu mbili za vijana zinazotazamana, na mchezaji mmoja mmoja akipita katikati kuonyesha alichonacho. Sasa nenda Amu, uwanja ulio mbele ya msikiti wa Riyadha, siku za Maulidi, utazame goma. Safu mbili za wanaume zinatazamana, kanzu nyeupe, kofia za kushonwa kwa mkono, bakora mikononi. Tofauti ni kubwa kuliko mfanano. Kwenye goma safu yenyewe ndiyo mchezo: bakora zinapanda pamoja, zinashuka pamoja, mwili unainama kidogo, hatua ni ndogo mno hata mgeni hudhani hakuna kinachotokea. Anayejitokeza peke yake ameharibu. Nimewahi kumsikia kijana wa Nairobi akilalamika kwamba goma ni la polepole. Ni kweli, na ndiyo maana wazee wa miaka 70 bado wanalicheza.

Kwa mwenye haraka kuna kirumbizi. Wawili wanaingia duarani na fimbo, wanazungukana, wanapimana, wanapigana kwa adabu. Ngoma zinakwenda mbio na zumari linawachochea.

Je, wajua kwamba mpiga zumari hasimami kuvuta pumzi? Hujaza mashavu hewa, akaisukuma kwenye matete huku akivuta nyingine kwa pua, na sauti haikatiki. Chini yake kuna msondo, chapuo na vumi, na pembeni mtu akigonga upatu, sahani ya shaba inayowashika wote kwenye mwendo mmoja. Studio nyingi za sasa hutumia mashine kwa kazi hiyo ya upatu.

Je, wajua siwa? Kila kipindi huwa na mlio wa kufungulia, na funguvisiwa hili lilikuwa na milio miwili mikubwa kuliko yote Pwani. Siwa ya Pate imechongwa kwa pembe za ndovu na ina urefu unaozidi mita mbili. Siwa ya Amu ni ya shaba. Zote hupulizwa kupitia tundu lililo ubavuni. Zilitolewa kwa kutawazwa watawala, na kwa harusi na jando za watoto wa ukoo. Si kila mwenye fedha aliruhusiwa kuzipuliza mlangoni kwake. Sasa zimehifadhiwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Je, wajua kwamba Amu ilikuwa na timu mbili muda mrefu kabla ya vipindi vya mashindano? Mji umegawika Mkomani na Langoni, na ndani ya mgawanyiko huo kuna vyama vya kale vya Zena na Suudi. Walishindana kwa siasa, kwa mashairi, kwa karamu na kwa ngoma. Upande mmoja ukichinja, wa pili hauwezi kulala na njaa ya heshima. Upande mmoja ukitunga, mwingine sharti ujibu, tena kwa bahari ileile na vina vikali zaidi. Majaji hawakuhitajika, kwa kuwa mji mzima ulikuwa unasikiliza.

Beni ilipoingia mashindano yakapata tarumbeta. Ngoma hii ilizaliwa Mombasa na Amu miaka ya 1890, ikiiga bendi za matarumbeta, zikiwamo zile za vijana wa misheni ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa mwaka 1875. Wachezaji walivaa sare, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakaandamana mitaani kwa gwaride. Mombasa ilikuwa na Kingi, Scotchi na Settla. Kutoka Pwani ikasambaa hadi Tanganyika na kwingineko bara, na mwanahistoria Terence Ranger akaiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Wakoloni walibaki wanajiuliza kama watu hawa wanawaiga au wanawacheka. Naona walikuwa wakifanya yote mawili, na hilo la pili kwa furaha zaidi.

Je, wajua jina la Muhammad Kijumwa? Kama Amu ya zamani ingekuwa na kipindi cha kila wiki, ningempa yeye kazi zote. Alizaliwa katikati ya karne ya 19 na akaishi hadi miaka ya 1940. Alikuwa mshairi, mwandishi wa hati za Kiarabu, mchonga milango, mpiga kinanda na mchezaji. Wazungu waliokuja kutafuta mashairi ya kale, Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann miongoni mwao, waligonga mlango wake kwanza. Nakala nyingi za tendi zilizoko katika maktaba za Ulaya zimeandikwa kwa mkono wake, na mwandiko wake ni mzuri kiasi kwamba mtu asiyejua kusoma herufi hizo huutazama kama picha. Mtu wa dini mbele ya karatasi na mtu wa kinanda usiku: mji mdogo haukuacha kulisema hilo.

Ni Kijumwa aliyeandika Utendi wa Liyongo mwaka 1913, na humo kuna tukio ambalo mwandaaji yeyote wa kipindi angelilipia. Fumo Liyongo, shujaa wa utendi huo, yuko gerezani anangoja kuuawa. Mamaye anampelekea mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani. Walinzi hawaugusi, kwani mikate mizuri ndiyo waliyozoea kuila wao. Liyongo anaomba achezewe gungu, ngoma ya wakubwa, na anawafundisha watu nyimbo. Ngoma inapopamba moto, matari na matwari yakilia nje, yeye ndani anakata pingu. Kelele za muziki zinameza sauti ya chuma. Watu wanaitikia kiitikio bila kujua kwamba wao ndio wanaomtorosha.

Kinanda hicho cha zamani alichopiga Kijumwa, ambacho Amu hukiita pia kibangala, huchongwa kwa kigogo kimoja na kuwambwa ngozi. Ndugu zake wako Yemen, Hadhramaut ikiwamo.

Je, wajua tashkota? Ni chombo cha nyuzi chenye vibonye kama vya taipureta, kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Kikavuka bahari, kikatia nanga Mombasa, kikawa sehemu ya tarabu ya Kenya hata watu wakasahau kwamba si cha hapa. Kimesikika katika kundi la Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa na kufariki mwaka 2016, mpiga udi ambaye kwa maoni yangu hajapata mrithi. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu yake Mtindo wa Mombasa. Na mashairi ya nyimbo zake mengi yalitoka kwa nani? Kwa Nabhany yuleyule wa runinga. Matondoni imetoa jina la kisanduku na maneno ya kuimba ndani yake.

Je, wajua kwamba kura ya watazamaji si jambo jipya? Shindano la waimbaji la Tusker Project Fame lilipoanza mwaka 2006, na Valerie Kimani wa Kenya akashinda mara ya kwanza, watazamaji walipiga kura kwa ujumbe mfupi. Kwenye tarabu kura hupigwa kwa kutuza. Ubeti ukikugusa unainuka, unakwenda mbele taratibu ili uonekane, unampa mwimbaji noti. Wengine wanajua umeguswa na nini, na pengine na nani. Ujumbe mfupi ni siri. Kutuza ni tangazo, na ugomvi wa majirani wengi umeanzia hapo.

Vipindi vya kila wiki vya Afrika Mashariki navipita haraka, maana mnavijua. Citizen ya Nairobi ilikuwa na 10 Over 10, Ijumaa saa nne usiku, Joey Muthengi na Willis Raburu wakiwa miongoni mwa watangazaji wake. EATV ya Dar es Salaam ilikuwa na Friday Night Live, Ijumaa hiyohiyo. Ijumaa usiku, jamani! Amu usiku huo kuna maulidi, kuna harusi, na kuna baraza ambazo hazijafungwa.

Je, wajua kwamba Februari 2015 vituo vikubwa vya Kenya vilizimika? Nchi ilikuwa inahamia mitambo ya dijitali, Citizen, NTV na KTN wakavutana na serikali, na kwa karibu majuma matatu skrini zao zikawa tupu.

Lakini Lamu ilikuwa imeonja giza la aina nyingine. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, serikali iliweka kafyu ya usiku katika kaunti nzima kuanzia Julai, na ikarefushwa mara kwa mara. Fikiria mji ambao ngoma zake, uvuvi wake na kesha za harusi zake ni za usiku, ukaamriwa kuwa ndani jua likichwa. Watu huko Nairobi walikosa vipindi kwa wiki tatu na magazeti yakajaa. Sikumbuki tahariri nyingi zilizoandikwa kuhusu kirumbizi.

Je, wajua kwamba matari yaliwahi kuleta mzozo msikitini? Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija na kufariki Lamu mwaka 1935, alianzisha usomaji wa Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Yalisomwa kwa kuimba, na matari yakapigwa. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakuipenda habari hiyo hata kidogo, wala hawakupenda kwamba aliwafungulia mlango wa elimu watu waliodharauliwa, wakiwamo waliokuwa watumwa na watoto wao. Yeye akaendelea, msikiti wa Riyadha ukasimama, na leo Maulidi hayo ndiyo mkusanyiko mkubwa kuliko wowote mjini. Ndani ni kasida na matari. Nje, uwanjani, ni goma, kirumbizi na ngoma ya uta. Mtaani ni mbio za punda na baharini mashindano ya majahazi. Kisha zefe: wanaume kwa maelfu, kanzu kwa kanzu, wakizuru makaburi na kurudi mjini wakiimba.

Zefe ndiyo jibu la Amu kwa jukwaa. Vichochoro ni vyembamba, magari ni ya kuhesabu, na uwanja mkubwa hakuna. Kwa hiyo onyesho linatembea, na mtazamaji hukaa kizingitini mwake likamfuata.

Na watangazaji waalikwa? Wapo. Wageni huja kutoka Mombasa, Malindi, Tanzania, Ngazija na kwingineko, na waimbaji wao hupewa nafasi. Mwenyeji ndiye anayesikiliza.

Je, wajua kwamba uchaguzi uliwahi kupiganwa kwa kaseti? Uchaguzi wa ubunge wa Lamu Mashariki wa mwaka 1974, na ule wa marudio mwaka 1975, ulizaa mashairi ya kujibizana yanayoitwa Kimondo. Yaliimbwa, yakarekodiwa, kaseti zikasafiri kijiji hadi kijiji, Faza, Kizingitini, Siyu, na jibu likarudi na jahazi lifuatalo. Mtaalamu wa Kiswahili Assibi Amidu aliyaandikia kitabu. Wanasiasa wa sasa hukodi wasanii na kuwapa fulana zenye nembo. Nisisitize tu kwamba wale wa 1974 walijua vina.

Kutoka kizazi hichohicho yuko Ustadh Mahmoud Mau wa Amu, mshairi, imamu na mwoka mikate kwa wakati mmoja. Mashairi yake pia yalienea kwa kaseti. Mwaka 2023 yalitoka katika kitabu kikubwa kilichochapishwa na Brill ya Uholanzi.

Je, wajua kwamba wachezaji bora wa visiwa hivi hawajapata kuonekana kwenye runinga? Ni wanawake. Wana vugo, ambayo pembe za nyati hugongwa kwa vijiti harusi ikipita mtaani. Wana lelemama, ya kujipanga safu na kutikisa mkono na bega tu, wamevaa sare moja kuanzia leso hadi kilemba. Na wana chakacha, ambayo leso hufungwa kiunoni na kiuno kikafanya kazi iliyobaki. Miaka ya 1980 bendi za Mombasa zilizopigia watalii mahotelini, Them Mushrooms na Safari Sound wakiwamo, ziliichukua midundo ya chakacha zikaipeleka kwenye magitaa, na dunia ikadhani imeiona. Haikuiona. Chakacha yenyewe iko ndani, mlango umefungwa, wanaume wako nje, na siku hizi mlangoni husimama mama wa makamo mwenye kikapu cha kukusanya simu. Hakuna picha, hakuna video. Mwenye harusi akigundua kipande kimevuja, utajua Amu ina watu wakali.

Waandaaji wa vipindi wamejaribu kila mara kuwatengenezea nakala: taa za rangi, leso kiunoni, wasichana sita wa Nairobi waliofundishwa kwa wiki moja. Inatazamika. Kiuno kinakwenda, bega halijui lifanye nini, na wanawake wa Amu wakiitazama sebuleni hucheka hadi machozi.

Je, wajua kwamba tarehe ya Maulidi haikubali ratiba ya kituo chochote? Husomwa mwishoni mwa Mfungo Sita, mwezi unaorudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mwaka mmoja huangukia kaskazi na miaka michache baadaye huangukia kusi. Tamasha la Utamaduni la Lamu, linaloandaliwa tangu mapema miaka ya 2000, kwa kawaida huwa Novemba, na hapo utapata punda, majahazi na ngoma bila kupiga hesabu ya mwandamo. Ukitaka Maulidi, uliza tarehe mapema. Kwa barabara utashuka Mokowe na kuvuka kwa boti. Kwa ndege utatua Manda, ng'ambo ya mkono wa bahari. Nyumba hujaa wageni wa Riyadha, kwa hiyo tafuta pa kulala kwanza. Kanzu utaipata mjini, na bakora pia, ila usiingie kwenye safu ya goma mpaka uitwe.